Alama za jenetiki katika uainishaji wa migomba

Alama za jenetiki za migomba ni sehemu za DNA zinazotumika kutambua aina za ndizi na undugu wake na migomba ya mwituni. Makala hii inahusu hasa ndizi za Afrika ya Mashariki, zikiwemo zile za mteremko wa Kilimanjaro.

Majina na sura

Huko Uru, kaskazini mwa mji wa Moshi, migomba hupandwa kihambani pamoja na kahawa, chini ya miti mirefu. Mfumo huo wa kihamba katika kijiji cha Shimbwe Juu ulitambuliwa na FAO mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Kihamba kimoja huweza kuwa na ndizi za mtori, za kutengenezea mbege na za kuiva. Wenyeji huzitofautisha kwa rangi ya shina, umbo la mkungu na ladha, na mara nyingi hawakosei. Shida iko kwenye majina: aina ileile huitwa vingine Meru au Usambara, na pengine jina moja hubeba aina mbili.

Mwaka 1955 Norman Simmonds na Kenneth Shepherd walipendekeza kupima sifa 15 za mmea na kuupa herufi: A kwa asili ya Musa acuminata, B kwa Musa balbisiana. Kila herufi inawakilisha seti ya kromosomu 11. Hivyo AA ina kromosomu 22 na AAA ina 33. Njia hiyo bado inafaa sana, ila haionyeshi vizuri tofauti kati ya ndizi zenye A tupu, na ndizi nyingi za asili za Kilimanjaro ni za namna hiyo.

Jinsi alama zinavyosomwa

DNA hutolewa katika kipande cha jani changa. Alama zilizotumika zaidi ni mikrosatelaiti, yaani mahali ambapo herufi chache za DNA hurudiwarudiwa, kwa mfano CTCTCTCT. Idadi ya marudio hutofautiana, kwa hiyo urefu wa kipande hupimwa. Mgomba wa AA huonyesha urefu mmoja au miwili katika kila mahali, wa AAA hadi mitatu. Kwa kuwa mtoto hurithi urefu huo kwa wazazi, mgomba usio na urefu unaotakiwa huondolewa katika orodha ya wazazi. Tangu jenomu ya Musa acuminata ilipochapishwa mwaka 2012, tofauti za herufi mojamoja pia husomwa kwa maelfu.

Mchare

Utafiti wa Xavier Perrier na wenzake, uliochapishwa na jarida la Annals of Botany, ulipima ndizi za Afrika ya Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi. Ndizi zote za AA zilizopimwa, ingawa sura zao zinatofautiana sana, zilionekana kuwa kundi moja, Mchare, lililoitwa Mlali katika maandishi ya awali. Hili halina ajabu. Mgomba hupandwa kwa chipukizi, si kwa mbegu. Badiliko dogo linaloonekana na mkulima hutunzwa na kupewa jina, huku sehemu kubwa ya DNA ikibaki ileile.

Ndizi za AAA za kundi la Mutika, maarufu Kagera na Uganda, ni ndugu wa Mchare lakini hazikutoka kwake moja kwa moja. Asili ya wote ni visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, na wasemaji wa lugha za Kiaustronesia wanadhaniwa kuwa ndio walioleta mimea hiyo. Jamaa wa mwituni ni nususpishi kama zebrina ya Java na banksii ya Guinea Mpya. Afrika haina Musa ya asili. Ensete ventricosum ni ya familia hiyohiyo lakini jenasi nyingine.

Alama zilionyesha pia kwamba jamaa wa karibu wa Mchare alichangia seti mbili kati ya tatu za kromosomu za Cavendish na Gros Michel, ndizi za biashara ya dunia.

Umuhimu

Mchare hushambuliwa na mnyauko unaoletwa na kuvu Fusarium oxysporum, namna ya 1, ileile iliyoangamiza mashamba ya Gros Michel huko Amerika. Kwa kuwa undani wao ni mmoja, majina kumi ya Mchare kihambani si kinga kumi. Baadhi ya aina zake huweza kutoa mbegu chache zikichavushwa kwa mkono. Kwa njia hiyo watafiti wa IITA na TARI mkoani Arusha huzivusha na migomba ya AA inayostahimili ugonjwa, na chotara wanaopatikana hupimwa kwa ukinzani, mavuno na ulaini baada ya kupikwa.