Inveta ya gari la safari: namna ya kuchagua na kubadilisha

Leo ni zamu ya inveta, kile kiboksi kinachogeuza umeme wa betri ya gari, volti 12, ukawa volti 230 kama wa nyumbani. Madereva wa watalii mnajua: kamera ya mgeni ikiisha chaji wakati chui yuko juu ya mti, tipu nayo imeisha. Mimi si injinia, nimemaliza Form Four tu, ila nashinda na mafundi umeme wa magari na mita nashika mwenyewe. Nilichokiona pale ni kwamba inveta kibao zinatupwa wakati ni nzima, kumbe kibovu ni waya.

KUCHAGUA

1. Jumlisha wati kwanza. Mfano laptop 2 za wati 65, chaja 4 za kamera za wati 15, simu 5 za wati 15. Jumla 265. Ongeza kama robo ya akiba, chukua inveta ya wati 400. Angalia wati za kufanya kazi muda wote, sio zile za sekunde chache zinazoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi.

2. Angalia volti za gari lako. Malori na mabasi mengi ni volti 24. Inveta ya 12 ukiifunga huko inaungua. Pia ukiletewa ya Marekani, inatoa volti 120, sio 230 za kwetu.

3. Tundu la laita ya sigara mara nyingi lina fyuzi ya ampea 10 hadi 15. Hapo usizidishe wati 150. Zaidi ya hapo, funga moja kwa moja kwenye betri.

KABLA YA KUTUPA YA ZAMANI

Inveta ikilia na kuzima, pima volti kwenye betri, halafu pima pale waya unapoingia kwenye inveta, vitu vikiwa vinachaji. Betri ikisoma 12.5 na kwenye inveta ukapata 11, umeme unapotelea njiani: waya mwembamba au maungio yameoza. Ukinunua mpya hapo utakuwa umetupa hela tu.

KUFUNGA MPYA

1. Zima injini, chomoa kila kitu, toa waya wa hasi kwenye betri kwanza.

2. Inveta ya wati 400 ikifanya kazi yote inavuta karibu ampea 40. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 10, usizidi mita 2. Ya wati 1000 inataka waya wa 35.

3. Fyuzi ya ampea 50 ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Hii usiiruke jamani! Waya ukichunika ukagusa bodi bila fyuzi, gari linawaka na wageni wako ndani, na wengine mnabeba dumu la dizeli nyuma.

4. Iweke penye hewa, sio chini ya mabegi wala pembeni ya betri. Hasi rudisha mwisho. Chaji vitu kwa dakika 10 kisha zima, shika maungio. Yakiwa ya moto, rudia kazi.

BETRI ISIKUACHE PORINI

Betri nzima iliyojaa inasoma karibu 12.7. Ikifika 12.0 imebaki kama robo. Inveta nyingi zinakata kwenye 10.5, muda huo gari haliwaki tena. Hizo wati 265 zinavuta kama ampea 25, kwa hiyo masaa matatu injini ikiwa imezimwa umekula 75. Betri ya 70 kwisha habari yake. Na Serengeti hushuki hovyo kwenye gari kusukuma. Chajini mkiwa mnatembea, au funga betri ya pili yenye rilei ya kuitenga na ya kuwashia gari.

La mwisho, volti 230 za inveta zinaua sawasawa na za nyumbani. Usiifungue ikiwa imewashwa.

Mwenye swali ataje gari na wati zake hapo chini, tusaidiane.