Alama Kabla ya Mashine: Chimbuko la APL na Majedwali ya Ngano ya Njoro

Historia ya lugha za programu husimuliwa kama historia ya mashine: kompyuta ilitangulia, kisha binadamu akatafuta namna ya kuiamrisha. APL haingii katika masimulizi hayo. Lugha hii, iliyofungua njia kwa lugha nyingine zinazoshughulikia safu nzima ya tarakimu kwa amri moja, iliishi kwa miaka kadhaa kwenye ubao na karatasi kabla ya mashine yoyote kuweza kuisoma. Ninashikilia kwamba mpangilio huo wa matukio ndio kiini cha APL, na kwamba unawahusu moja kwa moja wanaofundisha kompyuta Nakuru, Njoro na Molo, nchini Kenya.

Kenneth Iverson alizaliwa mwaka 1920 karibu na Camrose, katika jimbo la Alberta, Kanada, kwenye familia ya wakulima. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi aliacha shule akafanya kazi shambani. Masomo ya sekondari aliyaendeleza kwa njia ya posta alipokuwa katika jeshi la anga wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Baadaye alipitia Chuo Kikuu cha Queen's, kisha Harvard, alikopata uzamivu mwaka 1954 chini ya Howard Aiken. Mwanauchumi Wassily Leontief, aliyekuwa akifundisha hapo Harvard, aliueleza uchumi wa nchi kwa jedwali linaloonyesha kila sekta inatoa nini na inapokea nini kutoka kwa nyingine. Tasnifu ya Iverson ilihusu kutatua kwa mashine milinganyo ya kielelezo cha uchumi cha aina hiyo. Naona si sadfa kwamba aliyeanza na mzigo wa aina hiyo alikuja kulitazama jedwali zima kama kitu kimoja.

Alipoanza kufundisha uchakataji wa data, aliona alama za kawaida za hisabati hazitoshi. Zilikuwa na namna nyingi mno za kusema jambo moja, na kwa mambo mengine hazikuwa na namna yoyote. Akazisanifu upya. Alama ya +/ mbele ya safu ilimaanisha kujumlisha vyote vilivyomo. Ukiweka × badala ya +, unazidisha vyote. Kanuni ikawa moja kwa kila tendo. Mwaka 1960 alihamia IBM, na mwaka 1962 akachapisha kitabu kilichokuja kuipa lugha jina lake. Mwaka 1964 yeye, Adin Falkoff na Edward Sussenguth walitumia alama hizo kueleza muundo wa kompyuta mpya ya System/360. Hata hapo APL ilikuwa bado zaidi maandishi ya binadamu kwa binadamu. Moja ya programu za mwanzo za kuiendesha iliandikwa mwaka 1965 na Larry Breed na Philip Abrams huko Stanford, kwa ajili ya mashine ya IBM 7090. Mwaka uliofuata Breed, Dick Lathwell na Roger Moore walikamilisha APL\360, na mtu akaweza kuandika amri kwenye taipureta iliyofungwa kichwa maalumu chenye alama za Iverson na kujibiwa papo hapo.

Sasa tuje Njoro. Kituo cha utafiti wa ngano kilianzishwa hapo mwaka 1927, na tangu awali adui wake mkubwa amekuwa ugonjwa wa kutu. Aina ya kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ilipoingia Kenya, Njoro ilifanywa uwanja wa kimataifa wa kuijaribu ngano: tangu 2005 mbegu kutoka nchi nyingi hupandwa hapo makusudi ili ziugue, watafiti waone zipi zitahimili. Mtafiti hupita ploti kwa ploti, akikadiria asilimia ya shina iliyoshikwa na kutu, na hurudi tena na tena msimu mzima. Anachoondoka nacho ni jedwali: kila mstari ni mbegu moja, kila safuwima ni siku ya kupima.

Chukua mfano wa kubuni. Mbegu mbili zimepimwa mara nne, kila baada ya siku 10. Ya kwanza imeonyesha kutu ya asilimia 5, 20, 40 na 60. Ya pili 5, 10, 20 na 60. Anayetazama kipimo cha mwisho pekee atasema zimelingana, na atakosea. Wanasayansi wa magonjwa ya mimea hukokotoa eneo lililo chini ya mkunjo wa ugonjwa kwenye grafu: wastani wa kila vipimo viwili vinavyofuatana, mara idadi ya siku kati yao, kisha jumla. Ya kwanza inapata 925, ya pili 625. Ya pili imeuchelewesha ugonjwa, na kwa mzalishaji wa mbegu ucheleweshaji huo ni hazina.

Katika lugha za kawaida za programu za wakati wa Iverson, hesabu hii ilidai kihesabio kinachoongezwa moja moja, sharti la kusimama, na kisanduku cha kulimbikizia jumla. Iverson angesema hivi: chukua safu isiyo na kipimo cha kwanza, ijumlishe na safu isiyo na kipimo cha mwisho, gawanya kwa 2, zidisha kwa 10, kisha +/. Zikiwa mbegu elfu badala ya mbili, fikra haibadiliki: kinachoingia ni jedwali, kinachotoka ni safu yenye jibu moja kwa kila mbegu. Msomaji anaona ugonjwa na siku. Kihesabio, ambacho hakikuwahi kuwa sehemu ya swali la mkulima, hakipo tena.

Wapo walioipinga njia hii kwa nguvu. Edsger Dijkstra, mmoja wa magwiji wa taaluma hii, aliishambulia APL vikali mwaka 1975, na ni kweli kwamba mistari yake mifupi huweza kuwa migumu kusoma, na kwamba alama zake ziliwatisha wengi waliokuwa na kibodi za kawaida. Iverson mwenyewe alilikubali tatizo la kibodi kwa vitendo: lugha ya J, aliyoibuni na Roger Hui mwaka 1990, hutumia herufi za kawaida. Lakini ugumu wa alama si hoja dhidi ya fikra. Lugha ya S iliyoanzia Bell Labs mwaka 1976, R iliyotoka kwake kupitia Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, na NumPy ya Python, zote huitendea safu kama kitu kimoja. Mwanafunzi wa kilimo anayechambua data yake kwa R anafikiri kwa namna hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la Iverson. Na mwaka 1979 Iverson alipopewa Tuzo ya Turing, alichagua kuzungumzia alama kama chombo cha kufikiria.

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Mjadala uliofuata umeelemea mno vifaa: kompyuta ngapi, umeme upo, intaneti ipo. Madai hayo ni ya haki na yasiachwe. Hata hivyo, shule ya Mau Narok au Elburgon isiyo na kompyuta haina sababu ya kusubiri. Mwalimu anaweza kuchora ubaoni jedwali la mvua ya miezi 12, la bei za viazi, au la kutu ya ngano, na kuwauliza wanafunzi waandike kwa mstari mmoja tendo linalogusa jedwali zima. Hivyo ndivyo APL ilivyofundishwa kabla haijawa programu. Nawaomba walimu wa hisabati, na wenzangu wa vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak wanaowaandaa walimu hao, waanzie hapo muhula ujao.