Njia Ni Ile Ile, Mzigo Ndio Hubadilika

Miezi michache iliyopita nilikuwa stesheni ya Tabora nikisubiri treni ya Kigoma. Tukiwa kwenye foleni, alitujia mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa vitenge, aliyekuwa akirudi kwao Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Akauliza kwa adabu: "Baba, tiketi ya Kigoma banauzisha wapi?" Kijana aliyesimama nyuma yangu akaangua kicheko. "Kiswahili gani hicho!" Yule mama akanyamaza, akatazama chini.

Karibu yetu alikuwa ameketi mzee mmoja na dumu lake la asali. Akamgeukia yule kijana, akamwambia bila hasira: "Mjukuu wangu, usimcheke. Hicho Kiswahili kilipita hapa hapa, kikaenda kwao kwa miguu."

Maneno ya mzee yule sijayasahau. Ndiyo yaliyonifanya juma hili nizungumzie urafiki wa nchi mbili jirani, Tanzania na Kongo.

Tunaposema urafiki wa nchi na nchi, wengi wetu hufikiria ziara za marais, bendera uwanja wa ndege na mikataba inayotiwa saini mbele ya wapiga picha. Hayo yana nafasi yake. Lakini ujirani wetu na Kongo ni mkongwe kuliko bendera zote mbili, na ndani yake limo deni ambalo hatupendi kulitaja.

Tabora ilikuwa mji mkubwa kabla reli haijafikiriwa. Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Zaidi ya kilomita 1,200. Richard Burton na John Speke walipowasili mwishoni mwa mwaka 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga. Waliwakuta pia Wanyamwezi, mabingwa wa safari, ambao kwao upagazi ulikuwa kazi ya heshima ya mwanamume. Mpagazi alibeba mzigo wa kadiri ya frasila mbili: merikani, kaniki, ushanga au masango ya shaba kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani.

Njia haikuishia Ujiji. Wafanyabiashara walivuka ziwa wakaingia Manyema, wakaweka vituo Nyangwe na Kasongo. Walikwenda na lugha yao, na lugha ile ikabaki. Leo Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa za Kongo, na husikika Lubumbashi, Bukavu, Goma hadi Kisangani. Kimebadilika njiani, kama mtu anavyobadilika akikaa ugenini miaka mingi.

Hapo ndipo wengi wetu hupenda kukatiza hadithi. Lakini wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Misafara ile haikurudi na pembe peke yake. Ilirudi na watu. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone aliona kwa macho yake watu wa misafara ya pwani wakiumiminia risasi umati wa sokoni Nyangwe, wengi wao wakiwa wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora, alijenga nguvu yake huko Manyema kwa bunduki na baruti zilizopitia njia hii. Baadhi ya wazee wa Kimanyema wa Ujiji, Tabora hata Dar es Salaam, wahenga wao walikuja kwa biashara au kama askari. Wengine walikuja wamefungwa kamba.

Na wapo waliotoka kwetu kwenda kutawala kule. Msiri, mwana wa Unyamwezi, alifuata njia za biashara ya shaba ambazo baba yake alikuwa amezizoea, akafika Katanga, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 akajenga dola yenye makao yake Bunkeya. Watu wake waliitwa Wayeke. Mwaka 1891 ukapita Tabora msafara wa Kapteni William Stairs, wenye mamia ya wapagazi kutoka pwani, ukienda kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri akauawa kwa risasi. Njia iliyompeleka yeye ndiyo iliyowapeleka waliomuua. Hata hivyo Wayeke wapo Bunkeya hadi leo. Kwa hiyo Mnyamwezi anayemwita Mkongo mgeni na ajiulize mara mbili.

Kisha ikaja reli ya Wajerumani. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa nyayo za wapagazi. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, njia ikapokea mzigo mwingine. Tarehe 19 Septemba 1916, jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora. Maofisa walikuwa Wazungu, lakini askari walikuwa Waafrika wa Kongo, na nyuma yao maelfu ya wapagazi wa pande zote waliobeba vita isiyokuwa yao.

Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kwamba Ubelgiji ipewe sehemu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite. Huo nao uliitwa ushirikiano. Lakini hakuna Mkongo wala Mtanganyika aliyeulizwa.

Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Tangu hapo tunaweza kusema mzigo ni wetu wenyewe. Vita ilipowaka mashariki ya Kongo mwaka 1996, watu walivuka ziwa kwa mitumbwi na boti wakaja Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mwaka 2013 vijana wetu, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, walikwenda Kivu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na waasi wa M23 wakashindwa mwaka ule. Desemba 2017, katika shambulio moja kwenye kambi ya Semuliki, walinda amani zaidi ya kumi wa Tanzania waliuawa. Damu yao ilimwagika ng'ambo ile ile ambako zamani wahenga wetu walimwaga damu ya wengine. Mimi naona hapo kuna sehemu ya deni iliyolipwa, ingawa waliolipa hawakuwa wakosaji.

Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Desemba mwaka huo huo ukatiwa saini mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Njia inatengenezwa tena. Wahandisi watatuambia upana wa reli na uzito wa mabehewa. Lakini swali la nini tutapakia humo si lao. Ni letu. Tunaweza kupakia shaba ya jirani na fedha yake, huku yeye mwenyewe tukimcheka kwenye foleni na kumwita "Mkongomani" kwa kejeli. Au tunaweza kumpokea kama mtu tunayejua habari zake, nzuri na mbaya, naye anajua zetu.

Ndugu msikilizaji, pale stesheni yule kijana alijaribu kujitetea. "Babu, mimi nilikuwa natania tu." Mzee akamjibu: "Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Manyema. Hakuja hapa kwa hiari yake. Alisema kama huyu mama hadi alipokufa, na watoto wa mtaani walimcheka hadi alipokufa. Mimi nilikuwa mmoja wao."

Hakuna aliyesema neno. Kijana hakuomba radhi kwa mdomo, lakini alirudi nyuma hatua moja, akamwachia yule mama nafasi yake mbele ya dirisha la tiketi.

Urafiki wa nchi mbili nadhani huanzia kwenye hatua kama ile. Mikataba na ije. Sisi tuanze kwa kupisha.