Kutoka Kavumu mpaka Goma

Kutoka Kavumu mpaka Goma ni mbali kadiri gani? Swali hili twaweza kulijibu kwa namna tatu, na majibu yote matatu ni ya kweli. Kwa mstari ulionyoka ni kilometa 85 hivi. Ndege ndogo iendayo kilometa 300 kwa saa huzimaliza kwa dakika 17. Ongezeni kupaa na kutua, bado haijafika nusu saa. Kwa barabara, kutoka mjini Bukavu kupitia Kavumu, Katana, Kalehe, Minova na Sake, ni kilometa 200 hivi za milima na matope. Na kwa meli ya mizigo, ni usiku kucha ziwani.

Katika habari za ndege za Kongo imo safari moja ndefu. Edmond Thieffry alitoka Bruxelles tarehe 12 Februari 1925, akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Watu walistaajabu, na ilistahili. Lakini sisi twaona kwamba watu wa Kivu walifaidiwa zaidi na safari fupi, ile ya kuruka milima iliyowachosha wazee wetu kwa miguu.

Bukavu umekaa juu ya vilima na rasi, mahali tambarare ni haba. Kiwanja chake kiko Kavumu, kilometa 30 hivi kaskazini ya mji. Basi msafiri alipanda motokari kwanza, na mara nyingi motokari ilikawia kuliko ndege yenyewe! Akiisha kupaa, aliona kisiwa cha Idjwi mkono wa kuume, na mbele yake mlima Nyiragongo.

Mlima huo ndio jirani mbaya wa kiwanja cha Goma. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka. Mto wa moto ukashuka juu ya kiwanja, ukafunika karibu kilometa moja upande wa kaskazini, ukapita katikati ya mji, ukaliharibu hata kanisa kuu. Njia ya ndege iliyokuwa na urefu wa kilometa 3 ikabaki na 2 tu. Ndege zikatua vivyo hivyo kwa miaka mingi, mwisho wa njia ukiwa mawe meusi.

Tusisahau, ndege ilikuwa ya mwenye fedha. Mama wa Minova mwenye vikapu vya mboga hakuijua bei yake, wala hakuiuliza. Yeye alitumia barabara. Mwaka wa 2024 vita vya M23 vikaikata barabara hiyo karibu na Sake, naye akalazimika kupita majini pamoja na wenzake wengi. Mashua zikajaa kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024 moja iliyotoka Minova ikapinduka ilipokaribia bandari ya Kituku, huko Goma, na watu wa pwani wakitazama. Waliokufa walikuwa makumi.

Mwishoni mwa Januari 2025 kiwanja cha Goma kilitwaliwa katika vita, ndege za abiria zikakoma. Tarehe 14 Februari kiwanja cha Kavumu nacho kikatwaliwa. Hapo tajiri na mama wa mboga wakakutana bandarini, wakingoja meli moja.