Breki ya ndege isiyo na magurudumu

Wadau, kwetu Nambambo, Nachingwea, ndege ya karatasi ina breki moja tu: mkorosho. Nimeukumbuka juzi niliposoma habari za glaida za kuchezea, zile zinazoongozwa kwa rimoti ya redio.

Mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliendesha kimashua kwa redio New York. Mwaka 1937 mapacha wa Kimarekani, Walter na William Good, wakarusha ndege yao, Guff. Enzi hizo ukishaiwasha injini, mara nyingi ulingoja mafuta yaishe, basi.

Rimoti za leo zina kompyuta ndani. Kwenye mashindano ya F5J mota huwashwa mara moja tu, isizidi sekunde 30. Kwa hiyo wengi huipa mota swichi, na kijiti kilichokuwa cha mafuta kinageuzwa breki: flapu zinashuka, vibawa vya pembeni vinapanda. Hapo pua huinuka. Usipopanga mkia uirudishe chini kidogo, ndege inaishiwa mwendo na kudondoka. Na ole wako usahau kupanga mota izimike mawasiliano yakikatika. Propela haichagui kidole!

Zanzibar mwaka 2016 droni za povu aina ya eBee, gramu 700 hivi, zilipiga picha visiwa kwa ajili ya ramani, vijana wa SUZA wakiwemo kazini. Hurushwa kwa mkono. Zikikaribia chini, programu inaweza kuizungusha mota kinyumenyume. Mota ileile iliyopandisha ndiyo inayofunga breki, kisha droni inalala kwa tumbo na mtu anaenda kuiokota.