Njia fupi ya majini kutoka Ujiji

Katika Ziwa Tanganyika, mstari ulionyooka kwenye ramani haukuwa njia ya wasafiri. Machi 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge, ng'ambo ya magharibi. Wapiga makasia walifuata ufuko kuelekea kusini hadi Rasi ya Kabogo, ndipo wakavuka. Mzunguko huo ulikuwa na maana: mtumbwi hugeuka upesi na hupata hifadhi katika ghuba yoyote, lakini ziwa likichafuka katikati hauna pa kukimbilia.

Meli kubwa ilileta shida nyingine. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kupelekwa Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Iliunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chombo cha mita 71 hivi hukata mawimbi yanayotisha mtumbwi, ila hakigeuki papo hapo. Hata usukani ukipinduliwa hadi mwisho, meli huchora duara pana kwanza. Vijiji vingi vya ufukoni havikuwa na gati, kwa hiyo Liemba ilisimama mbali na mitumbwi ikaifuata kwa abiria na mizigo. Chombo chepesi kilifanya mizunguko ambayo kizito hakikuiweza, na utaratibu huo uliwahudumia watu wa ziwa kwa miongo mingi.

Swali la njia iliyo fupi kwa chombo kisichogeuka papo hapo lilipata jibu la kihisabati mbali na Kigoma. Mwaka 1957 Lester Dubins, mwanahisabati wa Marekani, alithibitisha kwamba chombo kinachokwenda mbele tu, chenye kikomo cha kugeuka, hupata njia fupi kuliko zote kwa vipande visivyozidi vitatu. Kila kipande ni tao la duara dogo kabisa kinaloliweza, au mstari ulionyooka. Kinachotakiwa ni kujua mahali pa kuanzia na pa kufikia, pamoja na upande ambao omo inaelekea katika sehemu zote mbili.

Uzuri wa jibu hilo ni uchache wa njia za kulinganisha: ziko sita tu. Katika chombo kinachojiendesha, kompyuta ndogo huzipima zote kwa muda mfupi mno, huchagua iliyo fupi, na hurudia kazi hiyo kila setilaiti inapoonyesha kwamba chombo kimesogea. Hata hivyo, jibu la Dubins huchukulia maji matulivu na matupu. Upepo wa kusini wa kiangazi husukuma chombo pembeni, hivyo msukumo huo lazima uingizwe katika hesabu. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ziwani, na mashua zao husogea. Hapo programu ya kompyuta hiyo huikataa njia yoyote inayopita karibu nao, hata ikiwa fupi, na hutafuta inayofuata kwa urefu.