Nani humsemea aliyeumia ubongo? Uzi wa historia

Kila msimu wa kampeni tunaahidiwa "afya kwa wote". Sawa. Lakini kuna mgonjwa ambaye hatajwi jukwaani: yule aliyeumia kichwa, akatoka ICU akiwa hai, na sasa hawezi kuongea wala kujigeuza kitandani. Huyo hawezi kulalamika, lazima mtu amsemee. Mbona kumsemea ni kazi ngumu hivi hapa Kenya? Jibu liko kwa historia.

Tuanze 1910. Serikali ya kikoloni iligeuza kituo cha kutenga wagonjwa wa ndui pale Nairobi kuwa nyumba ya "wendawazimu". Ndiyo Mathari ya leo. Sheria za wakati huo ziliazimwa India, na zilijali zaidi mambo mawili: kumfungia anayesumbua watu, na kulinda mali yake. Uuguzi wa miaka mingi haukuwa hoja.

Mkoloni alienda, mawazo yakabaki. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 inamruhusu ndugu wa karibu kwenda mahakamani afanywe mlezi wa mgonjwa na msimamizi wa mali yake. Ndani ya miezi 6 msimamizi anatakiwa kuleta orodha ya mali: shamba, akaunti, gari, ng'ombe. Vizuri sana, maana tunawajua wajomba wanaojitokeza mtu akishalala tu. Lakini mgonjwa anageuzwa mara ngapi usiku? Ana vidonda mgongoni? Mrija wa chakula ulibadilishwa lini? Orodha ya namna hiyo haikudaiwa. Shamba lilipewa mkaguzi, mwili ukaachiwa huruma ya familia.

Na ona hii. Mtu amegongwa na gari, lakini familia yake inaingilia mlango wa sheria ya magonjwa ya akili. Wengine wanaona aibu, wanaacha. Kisha benki inakataa kutoa pesa ya mgonjwa mwenyewe ya kununua nepi, kwa sababu hakuna mwenye amri ya korti.

Upande wa bima ni vile vile. Hazina ya 1966 iliitwa ya bima ya *hospitali*, na jina lilisema kweli. Ilianza na walioajiriwa, 1972 ikafungulia wengine wajiunge kwa hiari, na kwa miaka mingi ililipia siku za kitanda. Mgonjwa wa siku 10 alitosha humo. Wa miaka 10 alirudishwa nyumbani kwa mama, dada au bibi, ambao wengi huacha kazi ili wamuuguze.

Na wagonjwa hawa wameongezeka. Karibu 2008 kodi iliondolewa kwa pikipiki ndogo, vijana wakapata kazi, nasi tukapata usafiri. Helmeti hazikufuata kwa kasi hiyo. Kila hospitali kubwa ina wodi ya kukuonyesha matokeo.

Oktoba 2024 bima mpya ikaanza, asilimia 2.75 ya mapato. Tumebishana sana kuhusu makato, na ni haki yetu. Nesi wa kuja nyumbani je? Kimya.

Si kwamba hatuna silaha. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kujisemea, na kwangu mimi hicho ndicho kikubwa zaidi, ingawa hakisomwi kwa mikutano. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema kuwazuilia kina mama wawili hospitalini kwa sababu ya bili kulivunja haki zao. Kwa hivyo ukiambiwa mgonjwa wako hatoki mpaka ulipe, jua korti ilishazungumza.

Kuna jambo familia hazipendi kusikia. Mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mkataba huo unataka mtu *asaidiwe* kuamua, si kuamuliwa tu. Marekebisho ya sheria ya akili ya 2022 yalielekea huko. Kama ndugu yako anaweza kukonyeza jicho kwa ndiyo au hapana, muulize kabla hujamjibia. Kumsemea mtu hakumaanishi kumnyamazisha.

Wenye mgonjwa sasa hivi: wekeni daftari kando ya kitanda. Andika saa aliyogeuzwa, alichokula, jina la nesi wa zamu. Omba nakala ya rekodi zake. Msajilini kama mtu mwenye ulemavu mapema. Daktari akiandika ripoti, mwombeni aeleze wazi jeraha la ubongo na kile mgonjwa anaweza na hawezi kufanya, maana hakimu ataisoma hiyo kabla ya kuwasikiliza nyinyi.

Na mgombea akija kijijini na "afya kwa wote", muulize hivi: mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani bado ana mrija wa chakula, nani atamlipa wa kumuuguza, na nani atakuja kuangalia kama anauguzwa vizuri?